Utangulizi wa Elimu ya Chaguzi Ndogo: Kiti Kimoja cha Mundingburra

Umefika kwenye tawi la sayansi ya siasa ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kugeuza shingo. Uchaguzi mkuu una vitabu vyake, ramani zake na wachambuzi wake redioni na kwenye runinga. Uchaguzi mdogo hupewa habari za siku mbili tatu magazetini, mshindi akiapishwa, yamekwisha. Na kiti kikiwa cha bunge la jimbo katika nchi ya shirikisho, hata siku hizo mbili tatu hukosekana. Utangulizi huu nimemwandikia anayeanza: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwandishi wa habari, wakala wa chama anayetaka kuijua kazi yake kwa undani, au mpiga kura mwenye kupenda kujua. Hesabu ngumu hazihitajiki hapa. Kinachohitajika ni subira, na moyo wa kulichukulia jambo dogo kwa uzito wake.

Hoja nitakayoishikilia tangu mwanzo hadi mwisho ni hii: kabla ya kuuliza nani alishinda uchaguzi mdogo, uliza kwanza kiti kiliachwaje wazi. Sababu ya kiti kuwa wazi ndiyo inayoamua nani atajitokeza kugombea, watu watakwenda vituoni na huruma au na hasira, na matokeo yatapewa maana gani. Ili hoja hiyo isielee hewani, nitakaa muda mrefu kwenye mfano mmoja: uchaguzi mdogo wa Mundingburra, katika jimbo la Queensland, Australia, uliofanyika tarehe 3 Februari 1996. Uchaguzi huo uliiondoa serikali ya jimbo madarakani. Na chanzo chake ni kura ambazo askari 22 waliokuwa kazini Rwanda hawakupata nafasi ya kuzipiga.

Bunge la jimbo ni nini

Australia imekuwa shirikisho tangu 1901, na ina majimbo sita. Kila jimbo lina katiba yake, bunge lake na serikali yake inayoongozwa na waziri kiongozi. Bunge la taifa lililoko Canberra hushughulika na ulinzi, mambo ya nje, sarafu na mengineyo ya nchi nzima. Bunge la jimbo hushika mambo yanayomgusa mwananchi asubuhi hadi jioni: shule, hospitali, polisi, barabara, ardhi. India, Malaysia na Nigeria nazo zina mabunge ya majimbo. Kwetu Afrika Mashariki, kitu kinachokaribia hapo ni Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na kwa Kenya, kwa madaraka madogo zaidi, mabunge ya kaunti yaliyoanza 2013.

Bunge la jimbo ni dogo, na udogo huo ndio unaolifanya livutie katika elimu hii. Bunge la Queensland mwaka 1995 lilikuwa na viti 89 tu, tena lina chumba kimoja, kwa kuwa baraza lake la juu lilifutwa mwaka 1922. Katika bunge la watu mia kadhaa, kiti kimoja kinaweza kwenda upande wowote na serikali isitikisike. Katika bunge la watu 89, chama tawala chenye wingi mwembamba hulala na kuamka kikihesabu afya ya wabunge wake mmoja mmoja.

Ni vyema pia kujua mapema kwamba uchaguzi mdogo haupo kila mahali. Ni mazao ya mfumo wa kumchagua mtu mmoja katika eneo moja, mfumo ambao nchi nyingi ziliurithi kutoka Uingereza. Pale ambapo watu huchagua orodha ya chama, mbunge akifariki au akijiuzulu nafasi yake huchukuliwa na jina linalofuata kwenye orodha. Ndivyo ilivyo kwa mabunge ya mikoa ya Afrika Kusini. Hata ndani ya Australia kwenyewe, jimbo la Tasmania halina kawaida ya kurudi vituoni kujaza kiti cha chumba chake cha chini: tume huzirudia karatasi za kura za uchaguzi uliopita, ikatazama wale waliomchagua mbunge aliyeondoka walikuwa wamempa nani nafasi inayofuata. Kwa hiyo uchaguzi mdogo ni uamuzi wa kisheria kabla ya kuwa tukio la kisiasa. Nchi imeamua kwamba kiti ni mali ya wakazi wa eneo lile, na kikiwa wazi ni wao wa kurudishiwa neno.

Milango minne

Kiti huwa wazi kwa njia nyingi, lakini kwa anayeanza inatosha kuijua minne: kifo, kujiuzulu, kuhama chama, na mahakama. Kila mlango huingiza aina yake ya uchaguzi.

Mlango wa kifo huleta urithi. John Holman alikuwa mbunge wa eneo la Forrest, katika misitu ya Australia Magharibi ambako watu waliishi kwa kukata na kupasua mbao. Alipofariki mwaka 1925, kiti chake kilichukuliwa na binti yake, May Holman, aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa chama cha Labor kuingia katika bunge lolote la Australia. Ukiishia hapo utasema ni huruma ya wafiwa. Usiishie hapo. Mwaka uliofuata ilipitishwa sheria ya kusimamia sekta ya mbao, sheria aliyoipigania yeye kwa ajili ya usalama wa wakata miti, na watu wa Forrest waliendelea kumrudisha bungeni hadi alipofariki mwaka 1939 baada ya ajali ya gari. Uchaguzi mdogo ukafanyika tena, na kiti kikaenda kwa kaka yake. Katika jimbo la Victoria, mwanamke wa kwanza kuingia bungeni, Millie Peacock, naye aliingia kwa uchaguzi mdogo, mwaka 1933, baada ya kifo cha mumewe aliyewahi kuwa waziri kiongozi. Yeye alikaa kipindi kimoja tu. Mlango ni uleule, historia mbili. Mtafiti mzuri huuliza ni kwa nini vyama vilivyowanyima wanawake nafasi katika chaguzi kuu viliwakubali pale marehemu alipokuwa baba au mume.

Mlango wa kujiuzulu huleta mahesabu. Hapa kiti hufunguliwa makusudi. Mwaka 2014, mjumbe wa bunge la jimbo la Selangor, Malaysia, aliyeshikilia kiti cha Kajang, alijiuzulu ili Anwar Ibrahim agombee, ashinde, kisha awe waziri kiongozi wa jimbo. Tarehe 7 Machi mahakama ya rufaa ilimtia Anwar hatiani, akapoteza sifa ya kugombea. Mkewe, Wan Azizah, akasimama badala yake na kushinda tarehe 23 Machi. Hata hivyo uongozi wa jimbo hakuupata. Mwezi Septemba uongozi huo ulikwenda kwa Azmin Ali. Mwaka 2021, huko West Bengal, India, Mamata Banerjee alikiongoza chama chake kupata ushindi mkubwa huku yeye mwenyewe akishindwa katika eneo la Nandigram. Katiba ya India humruhusu mtu kuwa waziri, hata waziri kiongozi, bila kuwa mbunge kwa miezi sita tu. Mwenzake wa chama akaachia kiti cha Bhabanipur, na Septemba mwaka huohuo Mamata akakitwaa kwa tofauti ya kura zaidi ya 58,000. Angalia tofauti ya kesi hizi mbili: zote ni njama halali za kumtafutia kiongozi kiti, lakini moja ilikatizwa na mahakama na nyingine ikapita bila kizuizi.

Mlango wa tatu, wa kuhama chama, msomaji wa Afrika Mashariki anaujua kuliko Mwaustralia. Kule mbunge akikihama chama anabaki na kiti chake. Kenya iliufungua mlango huu mwaka 1966: Oginga Odinga na wenzake walipoondoka chama tawala cha KANU na kujiunga na chama kipya cha KPU, katiba ilibadilishwa haraka ili anayehama chama apoteze kiti, na viti 29 vikarudishwa kwa wapiga kura. Tanzania nayo ina kanuni hiyo katika katiba yake. Februari 2018, Kinondoni na Siha zilipiga kura kwa sababu wabunge wao walihama upinzani na kujiunga na CCM, na ni walewale waliorudi bungeni kwa tiketi ya chama kipya. Chaguzi za namna hii huwa ngumu kusomeka, maana mpiga kura anaulizwa maswali mawili kwa karatasi moja: je, unamtaka mtu huyu, na je, umekubali alichokifanya?

Mlango wa nne ni mahakama. Huu ndio unaotupeleka Mundingburra, na huko sasa twende.

Mundingburra kwa karibu

Mundingburra ni kitongoji cha mji wa Townsville, kaskazini mwa Queensland, na jina lake lilipewa eneo la uchaguzi. Townsville ni mji wa jeshi. Kambi ya Lavarack ni miongoni mwa kambi kubwa za Australia, na familia za wanajeshi huishi mtaani, hununua sokoni, huandikishwa kwenye daftari la wapiga kura kama watu wengine.

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, Australia ilipeleka Rwanda kikosi cha tiba chini ya Umoja wa Mataifa, katika ujumbe wa UNAMIR. Madaktari na wauguzi wa jeshi walifanya kazi katika hospitali kuu ya Kigali, wakilindwa na askari wa miguu waliotoka Townsville. Kikosi cha kwanza kilipokezana na cha pili mwanzoni mwa 1995. Aprili mwaka huo Waaustralia walikuwapo Kibeho, kambi ya waliokimbia makazi yao, pale askari wa jeshi la Rwanda walipowafyatulia risasi watu waliosongamana humo. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Kikosi kilirudi nyumbani Agosti 1995. Kwa hiyo tarehe 15 Julai 1995, siku ya uchaguzi mkuu wa Queensland, baadhi ya wapiga kura halali wa Townsville walikuwa bado Rwanda.

Serikali iliyokuwa ikitetea viti vyake ilikuwa ya chama cha Labor, chini ya Wayne Goss. Uzito wa jina hilo ni lazima uelezwe. Goss aliingia madarakani Desemba 1989, akahitimisha miaka 32 ya utawala wa wahafidhina. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo, mipaka ya uchaguzi ilichorwa kwa namna iliyoipa kura ya shamba uzito kuliko kura ya mjini, na Joh Bjelke-Petersen alitawala kwa mfumo huo tangu 1968 hadi 1987. Uchunguzi wa Tony Fitzgerald kuhusu ufisadi katika polisi na siasa ulitoa ripoti yake mwaka 1989, ukafungua njia ya mageuzi. Chini ya Goss ikaundwa tume huru ya uchaguzi, mipaka ikachorwa upya ili kura zikaribiane uzito, na sheria mpya ya uchaguzi ikapitishwa mwaka 1992.

Mwaka 1995 Labor ilirudi kwa taabu. Ilikuwa imewaudhi watu wa mashariki ya Brisbane kwa mpango wa barabara kuu iliyopitishwa kwenye makazi ya koala, na viti vikaipotea huko. Muungano wa vyama vya National na Liberal ulipata kura nyingi zaidi jimboni kote, lakini viti ndivyo vinavyounda serikali: Labor 45, Muungano 43, na mgombea binafsi mmoja, Liz Cunningham wa Gladstone. Wingi wa Labor ulikuwa kiti kimoja. Na katika kile kiti cha Mundingburra, Ken Davies wa Labor alikuwa amemshinda Frank Tanti wa Liberal kwa kura 16.

Tanti alikwenda katika mahakama ya mashauri ya uchaguzi. Katika kasoro zilizojadiliwa, iliyobaki katika kumbukumbu ya watu ni ya askari 22 waliokuwa Rwanda, ambao utaratibu ulishindwa kuwapa nafasi ya kupiga kura. Hapa naomba usimame kidogo, kwa sababu somo zima la mlango wa nne limo katika namba mbili: 16 na 22. Hakuna ajuaye askari wale wangemchagua nani, na hakuna mwenye haki ya kuwauliza, kwa kuwa kura ni siri. Lakini pengo la ushindi likiwa dogo kuliko idadi ya walionyimwa haki, matokeo yanakuwa hayana uhakika tena. Si lazima pawe na mwizi. Si lazima pawe na hila. Kosa la watendaji likitosha kuyatia shaka matokeo, watu warudishiwe uamuzi wao. Desemba 1995 mahakama ilitengua ushindi wa Davies na kuamuru uchaguzi ufanyike upya.

Tazama sasa jinsi mlango unavyotengeneza uchaguzi. Katika kiti kilichoachwa na marehemu, chama humtafuta mjane au mtoto. Katika kiti kilichotenguliwa na mahakama, vyama huwa na muda wa kuyasoma matokeo ya kwanza na kubadilisha silaha. Labor ilimwacha Davies, ikamsimamisha Tony Mooney, meya wa Townsville, kwa kuamini kwamba jina la meya lingetosha. Davies, kwa uchungu, akagombea kama mgombea binafsi. Upande wa pili Tanti alibaki palepale, mtu aliyekwenda mahakamani na kusikilizwa.

Kwa kuwa serikali nzima ilining'inia kwenye kiti kimoja, kila mwenye haja na serikali alijua saa ya kuomba ni ile. Chama cha wafanyakazi cha polisi wa Queensland kilifanya kampeni juu ya usalama wa raia. Kabla ya siku ya kura, kiongozi wa upinzani Rob Borbidge na msemaji wake wa mambo ya polisi, Russell Cooper, walitia saini kwa siri hati ya makubaliano na chama hicho cha polisi. Siri ilipofichuka baada ya uchaguzi, tume ya kupambana na uhalifu na ufisadi ilimteua Kenneth Carruthers kuchunguza. Serikali mpya nayo ikaunda uchunguzi wa kuichunguza tume yenyewe. Carruthers akajiuzulu Oktoba 1996 akilalamikia kuingiliwa kazi yake, na mwaka 1997 mahakama kuu ya jimbo ikausimamisha ule uchunguzi wa serikali kwa sababu ya upendeleo. Haya yote yalitoka katika kiti kimoja cha mji wa kaskazini.

Tarehe 3 Februari 1996 Tanti alishinda, mara hii kwa pengo lisilohitaji kubishaniwa. Labor ikabaki na 44, Muungano ukawa na 44. Liz Cunningham akatamka kwamba angeuunga mkono Muungano. Goss akajiuzulu, na Borbidge akaapishwa kuwa waziri kiongozi tarehe 19 Februari. Hakuna dirisha lililovunjwa. Serikali iliyoirekebisha sheria ya uchaguzi iliondolewa kwa sheria hiyo, na ikakubali. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kisa hiki, na ndilo linalosahaulika kwanza, kwa kuwa historia hupenda kumkumbuka aliyeshinda kuliko aliyeondoka kwa heshima.

Jinsi ya kusoma matokeo

Nadharia ambayo utakutana nayo mapema ni ile ya uchaguzi wa daraja la pili, waliyoitoa Karlheinz Reif na Hermann Schmitt mwaka 1980 walipokuwa wakichambua uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Kwa ufupi, wanasema kwamba pale watu wanapoona kura yao haiamui nani atawale, wachache hujitokeza, vyama vidogo hupata nafuu, na chama tawala hupewa adhabu. Wanazuoni wengi wameitumia nadharia hii kwa chaguzi ndogo, na mara nyingi inasaidia. Mpiga kura anaweza kuonyesha hasira bila gharama, kwa sababu kesho yake serikali itakuwa ileile.

Lakini uipime kwa Mundingburra. Kule kila mtu alijua kwamba serikali iko rehani. Pia Queensland iliufanya upigaji kura kuwa wajibu wa kisheria tangu 1915, kabla ya jimbo lingine lolote la Australia, kwa hiyo maelezo ya kwamba walioshindwa walikosa kujitokeza hayafui dafu kirahisi. Na wapiga kura wa wakati ule hawakulazimika kuwapanga wagombea wote kwa namba. Aliyetaka aliandika 1 akaishia hapo. Aliyemwonea huruma Davies angeweza kumpa 1 na kuacha mengine wazi, na kura yake isimfikie Mooney. Kwa hiyo, kabla ya kusema upepo umegeuka, jiulize mambo matatu: sheria iliruhusu nini kwenye karatasi ya kura, mgombea alikuwa nani, na mpiga kura alidhani ni kitu gani kinachoamuliwa siku ile.

Sehemu ambapo wanaoanza hujikwaa sana ni utabiri. Mwezi mmoja baada ya Mundingburra, tarehe 2 Machi 1996, Australia ilipiga kura ya bunge la taifa; Labor ya Paul Keating iliangushwa, na huko Queensland ikabakiwa na viti 2 kati ya 26. Ni rahisi kusema Mundingburra ilitabiri. Sasa songa mbele miaka miwili. Mwaka 1998 serikali ya Borbidge ilishindwa, Tanti akakipoteza kiti chake kwa Labor, na chama kipya cha One Nation kikatwaa viti 11, jambo ambalo hakuna aliyelisoma katika matokeo ya Mundingburra. Baadaye mbunge mmoja wa One Nation alijiuzulu, na Desemba mwaka huohuo uchaguzi mdogo wa Mulgrave ukaipa Labor kiti ambacho kiliiwezesha serikali yake mpya, ya Peter Beattie, kutotegemea tena wabunge binafsi. Uchaguzi mdogo mmoja uliiondoa Labor, mwingine ukaiimarisha, ndani ya miaka mitatu na katika jimbo lilelile. Anayetafuta ramli ataipata kila mara, na kila mara itamdanganya.

Mahali pa kuanzia

Nyaraka za elimu hii ziko wazi kuliko unavyodhani. Anza na tangazo la kiti kuwa wazi, kwa kuwa hapo ndipo sababu huandikwa kwa lugha ya sheria. Soma hukumu ya mahakama kama ipo, neno kwa neno, ukatazame kasoro gani zilikubaliwa na zipi zilikataliwa. Pata matokeo ya kituo kimoja kimoja, usiridhike na jumla. Kisha soma gazeti la mji ule, kwa sababu gazeti la taifa litakueleza vyama, na la mji litakueleza barabara, maji, hospitali na ugomvi wa zamani wa wagombea. Mwisho zungumza na watu waliokuwapo: mawakala, wasimamizi wa vituo, wagombea walioshindwa. Walioshindwa huwa na kumbukumbu ndefu kuliko washindi.

Kwa msomaji wa Kiswahili kazi imelala tele. Mahakama zetu za Tanzania na Kenya zimesikiliza mashauri mengi ya uchaguzi, na hukumu zake zimejaa hesabu za namna ya 16 na 22: karatasi zilizoharibika, fomu zisizotiwa saini, vituo vilivyochelewa kufunguliwa. Nyingi kati ya hizo bado hazijapata mwandishi wa kuzieleza kwa lugha ambayo mpiga kura wa eneo husika anaisoma. Chagua kiti kimoja, hata kiwe cha udiwani au cha wadi. Uliza kiliachwaje wazi. Fuata nyaraka mpaka mwisho, andika ulichokikuta kwa haki, bila kumpendelea mshindi wala kumwonea aliyeshindwa, na uwarudishie watu wa eneo lile habari yao.